Sura ya Sita: Oili ya Kulalia

Nilipolegeza boliti ya kumwagia oili asubuhi ile ya mwanzo wa Aprili, kilichotangulia kutoka hakikuwa oili. Yalitoka maji. Si mengi, vijiko viwili hivi vya chai, yana rangi ya kutu, yakadondoka karaini na kutawanyika kama shanga. Kisha ndipo oili nyeusi ikafuata, nzito na ya kivivu. Nilidhani karai lilibaki na maji ya mvua, ingawa lilikuwa limening'inia ukutani ndani ya gereji tangu Oktoba. Nikainuka, nikafungua kifuniko cha kujazia oili. Upande wake wa ndani ulikuwa na utando mzito wa manjano yaliyofifia, kama samli iliyoganda. Nikaupangusa kwa kidole. Ulikuwa unanuka petroli kwa mbali.

Mtu mwenye gari la kawaida angesema mara moja kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua na maji ya rejeta yameingia kwenye oili. Mimi sikuwa na pa kusingizia. Gari langu ni Volkswagen ile ya mviringo, 1300 ya mwaka 1966, yenye injini nyuma, na injini hiyo hupozwa kwa hewa. Haina rejeta, haina pampu ya maji, haina mpira wa kupitishia maji. Tangu itoke kiwandani hakuna mtu aliyepaswa kuitilia hata tone. Na bado maji yalikuwa pale karaini, nikiyatazama.

Naishi viungani mwa Hamburg. Huku ikifika Novemba barabara humwagiwa chumvi ili barafu isishike, na chumvi hiyo hulitafuna bati la gari la zamani kama hewa ya bahari inavyotafuna sakafu za magari ya Tanga na Mombasa, ila kwa kasi zaidi. Kwa hiyo wenye magari ya zamani huyalaza. Wajerumani wana neno lao, na tafsiri yake ya karibu ni kuliweka gari kwenye naftalini, kama bibi anavyofunga kanga zake za thamani sandukuni pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Tangu mwaka 1997 sheria nayo imewafuata: unaweza kuchukua nambari ya usajili ya msimu, ambayo pembeni imechapwa mwezi wa kuanza na mwezi wa kuishia. Yangu ina 04 juu na 10 chini, Aprili hadi Oktoba. Kodi nalipia miezi hiyo saba tu, lakini nje ya hapo gari haliruhusiwi kuendeshwa barabarani wala hata kuegeshwa.

Majira ya baridi ya kwanza niliona uchungu kuliacha. Nimekulia katika gereji ya Tanga, na pale gari lililosimama lilihesabiwa kuwa gari bovu. Likilala siku mbili, wapita njia wanauliza lina nini. Basi kila Jumapili nilikwenda kwenye gereji niliyoipanga, nikafungua mlango wote (na hili nalisema kwa msisitizo: ndani ya moshi wa injini mna gesi isiyo na harufu inayoua, na imeua watu wengi waliofunga mlango kwa sababu ya baridi), nikaliwasha, nikaliacha lingurume dakika kumi. Nilisikiliza, nikaridhika, nikazima. Nilidhani ninalinyoosha viungo. Nilifanya hivyo Jumapili ishirini na moja.

Maji yangu yalitoka hapo. Petroli imeundwa kwa kaboni na haidrojeni, na haidrojeni ikiungua hushikana na oksijeni ya hewani ikawa maji. Lita moja ya petroli ikiungua vizuri huzaa takriban lita moja ya maji. Mengi hutoka kwa ekzosi yakiwa mvuke, ndiyo sababu asubuhi ya baridi ekzosi hutema ukungu mweupe na kudondosha matone. Lakini pistoni haizibi silinda kabisa. Ringi zake huacha upenyo, na upenyo huo huwa mkubwa zaidi injini ikiwa baridi, kwa kuwa chuma hakijatanuka kikajaa mahali pake. Sehemu ya moshi hupita hapo, ikashuka mpaka kwenye krenki na oili. Ukiendesha nusu saa kwenye barabara kuu, oili hufika nyuzi joto 80 au 90, maji hugeuka mvuke tena na kutoka kwa bomba la kupumulia. Ukiiacha injini ingurume dakika kumi katika gereji yenye nyuzi joto mbili, oili haifikii hata uvuguvugu. Maji yanaingia, hayana pa kutokea. Kila Jumapili niliongeza mengine juu ya yale ya Jumapili iliyotangulia.

Yapo pia yanayoingia yenyewe. Toa chupa ya soda kwenye friji, iweke mezani mchana wa Tanga, itazame inavyotoka jasho. Injini iliyolala hufanya vivyo hivyo. Baada ya wiki ya baridi kali huja siku moja ya uvuguvugu na mvua. Hewa inapata joto ifikapo adhuhuri, lakini chuma kizito cha injini kinabaki na baridi ya jana kwa saa nyingi, na unyevu wa hewa iliyopenya kwa bomba la kupumulia unakishika kwa ndani. Hayo ni machache. Yale ya Jumapili niliyatia mwenyewe.

Jioni ile nilimpigia simu fundi aliyenifunza. Ni mzee sasa. Kabla ya kufungua gereji yake mjini alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akitunza injini za dizeli zilizokuwa zikiendesha korona, ile mashine kubwa inayokwangua majani ya mkonge yabaki nyuzi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Baridi imeshakuachia?"

Nikamweleza habari ya maji. Hakuniuliza hata swali moja juu ya maji.

"Oili ulimwaga lini mara ya mwisho?"

"Mei, mwaka jana."

"Gari likatembea kiasi gani?"

"Kilomita elfu mbili na kidogo. Oili ilikuwa bado nzuri, fundi."

"Uliijuaje kuwa nzuri?"

"Kwa kilomita."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia redio nyuma yake, na mtoto akiitwa. "Kule shamba," akasema, "mashine ikitaka kusimamishwa kupisha masika, hatukuruhusiwa kwenda nyumbani mpaka oili imwagwe. Na imwagwe ya moto. Unaweka mpya, unaizungusha, ndiyo unaifunga. Tulikuwa tukiiita oili ya kulalia. Sasa wewe gari umelilaza na nguo za kazini."

Kemia iko upande wake. Moshi unaopenya kwenye ringi haubebi maji peke yake. Ndani yake mna masalia ya salfa na oksidi za naitrojeni, na vitu hivyo vikikutana na maji huwa asidi. Enzi za petroli yenye risasi mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu pamoja na risasi walitia viambata vya bromini na klorini ili risasi isigande kwenye plagi na valvu, navyo vikaacha asidi zake. Watengenezaji wa oili wanalijua hilo kwa miaka mingi. Ndani ya oili wanatia chumvichumvi zenye alkali, nyingi za kalisiamu na magnesiamu, ambazo kazi yake ni kuimeza asidi kabla haijagusa chuma. Oili mpya huja na akiba ya alkali hiyo. Kila safari huipunguza, na safari fupi za injini baridi huipunguza kuliko zote. Kilomita elfu mbili zangu zilikuwa nyingi za kwenda sokoni na kurudi. Rangi ya oili haisemi akiba imebaki kiasi gani, na geji ya kilomita haisemi.

Wakati gari linatembea, oili inazunguka, hakuna sehemu moja inayokaa na tone lilelile kwa muda. Gari likilala, kila tone linabaki lilipoachwa. Beringi za krenki kwa kawaida zimepakwa madini laini yenye risasi au bati nyeupe, na asidi huanza na hayo. Chini kabisa maji hujitenga na kukaa, kwa kuwa ni mazito kuliko oili, ndiyo sababu siku ile yalitangulia kutoka. Juu, springi za valvu zinaendelea kukandamiza, kwa hiyo baadhi ya tapeti hukaa miezi mitano zimebanwa kwenye kamshafti mahali palepale, na unyevu umenaswa katikati. Mimi nilijua gharama yake miaka miwili baadaye, injini ilipoanza kugongagonga. Katika Volkswagen hii tapeti hazitoki mpaka injini ishushwe na tumbo lake lipasuliwe pande mbili. Tulipolipasua, tapeti tatu kati ya nane zilikuwa na vishimo usoni, vidogo na vingi, kama ngozi ya aliyepona ndui. Injini nzima ile hubeba lita mbili na nusu tu za oili. Sijaacha kuliwaza hilo.

Basi sasa nafanya hivi. Wiki ya mwisho ya Oktoba nachagua siku kavu, naendesha gari kilomita thelathini au zaidi bila kusimama ovyo, mpaka injini yote imeshika moto na si kichwa chake tu. Nikirudi sikai kunywa chai kwanza. Uchafu unaoelea ndani ya oili ya moto hutoka nayo; ukiiacha ipoe, uchafu hutuama chini, nawe utamwaga oili na kubaki na tope. Silipandishi kwa jeki, maana gari lililoinuliwa upande mmoja hubakiza oili upande wa pili, na mkono unafika vizuri chini ya injini. Navaa glovu, kwa sababu oili ya nyuzi joto 90 huunguza. Nalegeza boliti, naiacha idondoke. Inaanza kwa mkondo, inakuwa uzi, inakuwa tone, kisha tone kwa tone refu. Nusu saa. Hapo ndipo chai.

Kinachofuata ni kazi ninayoipenda kuliko zote katika gari hili. Kiwanda hakikuliwekea filta. Chini ya injini kuna bamba la duara, kiasi cha kiganja, lililoshikwa na nati sita ndogo za spana namba 10. Ukizifungua, bamba linashuka na juu yake kuna chujio la wavu wa chuma, sawasawa na kichujio cha chai cha nyumbani ukikipindua. Takataka kubwa yoyote iliyoanguka ndani ya injini kwa msimu mzima inakutwa hapo. Nalipeleka dirishani. Vumbi jeusi laini si neno. Punje ya gasketi iliyokauka si neno. Kipande kinachong'aa, chenye ukingo, hicho nakiweka kando kwenye karatasi na kukiwazia, kwa sababu kimetoka mahali. Mwaka ule wa maji nilikuta pale tope la kahawia lililoshika wavu nusu nzima, na injini ilikuwa ikivuta oili kupitia nusu iliyobaki.

Nalisafisha kwa mafuta ya taa, nalikausha, narudisha na gasketi mbili mpya za karatasi, moja juu ya wavu na moja chini yake, na washa sita mpya za shaba. Kukaza ni kwa upole. Tumbo la injini hii ni la aloi ya magnesiamu, nyepesi na laini, na anayekaza nati hizo kwa nguvu za kukaza nati za gurudumu atazing'oa pamoja na meno yake. Spana fupi, vidole viwili, basi. Kwa gari lenye filta ya kawaida kazi ni rahisi zaidi, ila filta ibadilishwe siku hiyohiyo. Ukiiacha, imeshika kiasi kizuri cha oili chafu, nayo itachanganyika na mpya mara utakapowasha.

Nikishajaza na kupima, sifungi mlango bado. Naliendesha tena kilomita ishirini au zaidi. Wapo wanaowasha dakika mbili tu ili oili mpya ifike kila mahali, kisha wanazima, na gari lao likalala na maji ya dakika mbili zile. Mimi nataka oili mpya ipite kote ikiwa ya moto na mvuke wote uwe umetoka. Njiani najaza tangi la petroli hadi juu, lisibaki na nafasi ya hewa yenye unyevu, na nachagua ile yenye ethanoli kidogo zaidi, kwa kuwa ethanoli huvuta maji. Nikirudi nazima. Injini ikishapoa natoa plagi nne, natia kijiko cha chai cha oili katika kila silinda, nazungusha injini kwa mkono mara mbili kwa spana kwenye puli, narudisha plagi. Betri, ambayo iko chini ya kiti cha nyuma na ni ya volti sita, naichukua nyumbani. Ekzosi naiziba kwa kitambaa chenye oili. Na kwenye usukani nafunga karatasi iliyoandikwa tarehe, aina ya oili, na maneno "ekzosi imezibwa", kwa sababu miezi mitano ni mirefu.

Baada ya hapo siliwashi. Jumapili naweza kwenda kulitazama, nikapangusa vumbi, nikasukuma gari nusu mzunguko wa gurudumu ili tairi zisikae kwenye ubavu mmoja. Ufunguo nauacha nyumbani.

Wapo wenzangu wenye uzoefu mkubwa wanaopinga. Wanasema: ngoja majira ya kuchipua, mwaga oili pamoja na unyevu wote wa baridi, uanze msimu na oili safi, ukimwaga Oktoba umetia oili mpya ikanywe umande. Hoja hiyo ina akili, na aliye na uwezo wa kumwaga mara mbili simzuii. Lakini anayemwaga mara moja kwa mwaka inampasa achague ni lini asidi ikae na chuma. Umande unaoingia kwenye oili mpya ni mchache, nao unakuta akiba ya alkali imejaa. Safari ya kwanza ndefu ya Aprili huutoa wote. Unaoingia kwenye oili iliyochoka unakuta hakuna mlinzi, na Aprili utamwaga oili lakini vile vishimo kwenye tapeti havimwagiki.

Aina ya oili haina ugumu watu wanaoutia. Kwa injini kama hii natumia ya asili ya madini, 20W-50 au 15W-40. Ile W ni ya Winter, neno ambalo Kiingereza na Kijerumani wanalo kwa pamoja, na tarakimu iliyo mbele yake inaeleza oili itakavyokuwa nyepesi kwenye baridi. Cha kuangalia kwa makini ni zinki. Tapeti za injini za zamani husuguana na kamshafti uso kwa uso, na kinachozilinda ni kiambata cha zinki na fosforasi. Oili nyingi za magari mapya zimepunguziwa kiambata hicho kwa sababu fosforasi huharibu kifaa cha kusafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi za leo. Gari la 1966 halina kifaa hicho. Linahitaji zinki yake.

Oili chafu sijui kuitazama bila kukumbuka nyumbani. Tanga tulikuwa tukiigawa kwa vikopo. Watu walipaka nguzo na mbao za paa ili mchwa wasizile, na harufu yake kwenye ua mpya ilikuwa kwangu harufu ya nyumba inayojengwa. Leo ninajua inavyoingia ardhini na kwenye maji ya visima, na ningependa tuiache. Ujerumani sheria inamlazimu anayeuza oili ya injini kupokea bure oili chafu ya kiasi kilekile alichouza, kwa hiyo nalinda risiti, namimina oili ya zamani kwenye galoni la mpya, naipeleka.

Wala mambo haya si ya theluji peke yake. Nawajua Watanzania wengi wa huku walionunua gari Dar es Salaam, wakalitumia wiki tatu za likizo kwa safari fupifupi za mjini, kisha wakalifunika turubai na kurudi Ulaya mwaka mzima, na kumwomba mdogo wao aliwashe kila wiki "kidogo tu". Hewa ya pwani ina unyevu kuliko gereji yangu. Nawaomba wamwage oili siku ya mwisho kabla ya kwenda uwanja wa ndege, na wamwambie mdogo wao, kama ana leseni, aliendeshe mpaka Bagamoyo au aliache.

Aprili mosi ya mwaka jana nilifika gereji asubuhi na mapema. Nilisoma karatasi ya usukani, nikatoa kitambaa kwenye ekzosi, nikarudisha betri. Kabla ya lolote nilichomoa waya wa koili ili plagi zisiwake, nikazungusha injini kwa stata, sekunde chache, nikapumzisha, tena sekunde chache. Kwenye dashibodi ya gari hili taa ya oili ni ndogo, ya kijani. Ilikaa imewaka, ikapepesa, ikazimika: oili imefika kwenye beringi kabla ya moto wowote. Nikashuka, nikachomoa kijiti cha kupimia, nikakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Oili ilikuwa ya rangi ya asali, nikiona chuma cha kijiti kupitia ndani yake. Nikaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Nikafungua kifuniko cha kujazia. Upande wa ndani ulikuwa mkavu, bati tupu. Nikarudisha waya wa koili.